Nukta Nyeupe Kivulini

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukutana humu na mazungumzo ya vina, mizani na bahari za tungo. Leo namwomba radhi, nimchukue kando kidogo katika habari ya nuru na mawimbi yake, kisha nitamrejesha penye ushairi, kwani ndiko nilikotoka na ndiko habari yenyewe inakonirejesha kila niifikiriapo. Swali nililo nalo ni jepesi kulitamka: mtu anayepinga neno la mwenziwe anadaiwa nini? Simsemi anayesifu, deni la mwenye kusifu ni dogo, na likimshinda kulilipa hakuna anayeumia sana. Namsema yule anayesimama mbele ya watu akatoa hukumu, "Hili si kweli," au, "Huu si ushairi," kisha akaketi.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufunzwa kwamba mawimbi hujumlika na hutoana. Kila mwezi bamvua na maji mafu hupokezana mbele ya macho yetu. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua nalo huyavuta, kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, mivuto hiyo miwili hushikana mkono: maji hujaa hata yakapanda ngazi za gati, na yapwapo huacha mwamba mtupu, watu wakenda kutafuta pweza kwa miguu. Mwezi unapokuwa nusu, mmoja huinua maji pale ambapo mwenziwe huyashusha, na bahari ikapoa. Maji mafu hayaletwi na uchovu wa mwezi wala wa jua. Wote wawili wako kazini siku ile kama siku nyingine. Ni kazi zao tu zisizopatana.

Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, alieleza habari iliyo ajabu zaidi ya hiyo. Katika bandari moja ya Tonkin, kaskazini mwa Vietnam ya leo, mabaharia waliona maji yakijaa mara moja tu kwa siku badala ya mara mbili, na katika mwezi zikawapo siku ambazo hayakujaa wala hayakupwa. Newton alisema kwamba maji huifikia bandari ile kwa njia mbili, na ya njia moja hutanguliwa na ya njia nyingine kwa saa sita. Basi kujaa kwa huku hukuta kupwa kwa kule, yakafutana.

Kwa maji, jambo hili halimshangazi mtu. Kwa nuru, akili hugoma. Taa ikiongezwa juu ya taa chumba huzidi kung'aa. Sijamsikia mtu aliyewasha taa ya pili akapata giza. Na aliyekuja kusema kwamba nuru ikiongezwa juu ya nuru yaweza kuzaa giza hakuwa mwanafalsafa wa maneno matupu. Alikuwa tabibu wa London, Thomas Young, aliyezaliwa mwaka 1773. Mimi sikumkuta katika kitabu cha fizikia, ambacho darasani sikukifikia. Nilimkuta katika kusoma habari za jiwe la Rosetta, maana mfasiri hupenda kujua habari za wafasiri waliomtangulia. Young ni miongoni mwa waliofungua mlango wa maandishi ya kale ya Misri: alilitambua jina la mfalme Ptolemy ndani ya duara lililolizunguka, na makala yake ya mwaka 1819 ilitangulia ushindi wa Champollion wa mwaka 1822. Nilikuwa nikitafuta habari ya maandishi, nikakuta habari ya kivuli.

Tarehe 12 Novemba 1801 Young alisimama mbele ya Royal Society, jumuiya ya wataalamu wa sayansi pale London, akatoa mhadhara akidai kuwa nuru ni wimbi. Wakati ule wasomi wengi wa Uingereza walishika kauli ya Newton kwamba nuru ni chembe ndogo mno zirukazo kwa mstari ulionyooka. Miaka miwili baadaye alileta jaribio ambalo mtu yeyote mwenye dirisha la mbao na sindano aweza kulirudia. Alitoboa karatasi nene kwa sindano, akaiweka juu ya tundu la dirisha, mwale wa jua ukaingia chumbani. Katikati ya mwale akashika ukanda wa kadi wenye upana usiofika milimita moja, nao ukaugawa mwale pande mbili. Kivuli cha ukanda ule hakikuwa kivuli kamili. Ndani yake mlikuwa na milia, mweupe kwa mweusi, na katikati kabisa, pale ambapo giza lingepaswa kuwa zito kuliko penginepo, palikuwa peupe.

Kisha akafanya jambo dogo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Aliuziba mwanga wa upande mmoja tu wa ukanda ule. Upande wa pili mwanga ulipita kama kwanza. Milia yote ya ndani ya kivuli ikatoweka. Msomaji na atue hapa. Palipokuwa peusi hapakuwa peusi kwa kukosa nuru. Palikuwa peusi kwa kupata nuru mbili. Ilipoondolewa moja, mlia mweusi nao uliondoka.

Sababu ni ileile aliyoitaja Newton kwa bandari ya Tonkin. Nuru iliyopita kushoto na iliyopita kulia husafiri masafa tofauti mpaka kufika ukutani. Penye tofauti ya wimbi moja zima, au mawili, au matatu, mgongo wa wimbi hukuta mgongo, na ukuta hung'aa. Penye tofauti ya nusu ya wimbi, mgongo wa hili huangukia katika bonde la lile, pakawa kama hapana kitu. Mawimbi yenyewe ni madogo mno: ya nuru ya kijani huingia kama 2,000 katika milimita moja. Hatuyaoni. Twaona alama zake tu, kama vile mtu aonavyo makunyanzi ya mchanga baada ya maji kupwa, asiyaone mawimbi yaliyoyachora. Ndiyo mwingiliano wa mawimbi, na ndio utiao rangi katika povu la sabuni na katika utando wa mafuta unaoelea bandarini kando ya mashua za mashine.

Na ile nuru iliyokutana penye mlia mweusi, je, imepotea? Hapana. Katikati ya mlia mweupe, nuru mbili zilizo sawa hazitoi mwanga maradufu kama mtu angetarajia. Hutoa mara nne ya mwanga wa nuru moja. Katikati ya mlia mweusi pana sifuri. Ukipiga wastani wa ukuta mzima, hesabu hurudi palepale, mbili. Hakuna kilichozimwa. Kimehamia kwa jirani. Nilipoielewa hesabu hii mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka kwenda kutembea, maana nilihisi kwamba nimeambiwa jambo kubwa kuliko nililouliza.

Liko jambo moja zaidi ambalo sina budi kulieleza, kwani hoja yangu yote imelala juu yake. Taa mbili za kawaida hazifanyi milia ukutani, hata ukizisogeza vipi. Kila moja hubadili hatua zake mara nyingi mno kabla jicho halijapepesa, na milia yao hukimbiakimbia hata ikachanganyika kuwa mwanga mmoja usio na alama. Ili nuru mbili zizae giza, zapaswa ziwe zimetoka katika chanzo kimoja, zikaachana njiani, kisha zikakutana. Nuru zisizojuana hupitana tu. Zinazoweza kufutana kabisa ni ndugu.

Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Katika malumbano yetu ya jadi, anayejibu huchukua bahari ileile ya aliyeanza, na aghalabu vina vilevile. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi zama zilezile za Young, alijibizana hivyo na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu, na ugomvi wao haukuwa wa mchezo. Nyuma yake palikuwa na majahazi na silaha, na vita vya Shela. Hata hivyo jibu lilikuwa halihesabiwi kuwa jibu mpaka limepimwa kwa kipimo cha aliyejibiwa. Mtu hakuruhusiwa kumshinda mwenziwe kwa kukataa kuhesabu mizani zake. Sijui kama wazee wale walikuwa na neno la kuitaja kanuni hiyo. Mimi naiita insafu.

Young hakuipata. Jarida la Edinburgh Review lilikuwa na desturi ya kutotaja majina ya wahakiki wake. Mwaka 1803 lilitoa uhakiki mkali wa mihadhara yake, na mwaka uliofuata likaongeza mwingine. Mwandishi alikuwa Henry Brougham, ambaye ule wa kwanza alipoutoa alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, naye alikwisha kuandika habari za nuru kwa kuifuata njia ya Newton. Msomaji wa kurasa zile hukutana na kejeli nyingi kuliko vipimo. Brougham alimshitaki Young kwa kubadilibadilisha dhana, kwa kuishusha heshima ya jumuiya iliyomsikiliza, na kwa kumwasi Newton. Young alijibu kwa kijitabu mwaka 1804. Yasimuliwa kwamba iliuzwa nakala moja tu. Nadharia ya mawimbi ikalala miaka zaidi ya kumi, na mwenyewe akarejea kwa wagonjwa wake, baadaye akaenda kwa Wamisri.

Ingekuwa rahisi kumfanya Brougham mtu mwovu, na hadithi ikaisha. Lakini ni mtu huyohuyo aliyepeleka bungeni sheria ya mwaka 1811 iliyofanya biashara ya watumwa kuwa kosa kubwa la jinai kwa raia wa Uingereza, na aliyekuwa Lord Chancellor katika serikali iliyopitisha sheria ya kufuta utumwa ya mwaka 1833. Sisi tunaopita kila siku jirani na soko lililofungwa mwaka 1873 hatuwezi kulitupa jina lake jaani. Hilo ndilo linalonitia hofu. Mtu aweza kuwa na haki katika mambo makubwa ya dunia, akawa dhalimu mezani pake penye kalamu na wino, na asijue.

Tena alidhulumu kwa jina la mzee. Newton mwenyewe alikuwa ameweka kioo chenye mbenuko juu ya kioo bapa, akaona duru za rangi zikizungukana, akazipima kwa uangalifu wa kustaajabisha. Vipimo hivyo ndivyo alivyovichukua Young akakokotoa urefu wa mawimbi yake. Brougham basi alimtetea babu dhidi ya vipimo vya babu. Walinzi wa mapokeo huangukia shimo hili mara kwa mara, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Sasa tuvuke mlango wa bahari twende Ufaransa. Augustin Fresnel, aliyezaliwa mwaka 1788, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja. Napoleon aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1815, Fresnel alijiunga na upande wa mfalme, akasimamishwa kazi na kuwekwa chini ya macho ya polisi. Akaenda kukaa kwa mama yake katika kijiji cha Mathieu, karibu na Caen, na kwa kuwa hakuwa na daraja la kujenga akaanza kuchungua vivuli. Kiingereza hakukijua, na habari za Young hakuwa nazo. Lenzi ya kufaa pia hakuwa nayo, basi akatia tone la asali katika tundu dogo la bati la shaba, asali ikamkusanyia mwanga wa jua. Nimewahi kuona watu wakisubiri vyombo kutoka ng'ambo miaka mitano ndipo waanze kazi. Huyu alianza na kitu cha jikoni. Ni yeye aliyekuja kubuni lenzi za vioo vya ngazi kwa minara ya bahari, na ya kwanza ikawashwa katika mnara wa Cordouan mwaka 1823. Nahodha wa pwani yoyote ana deni kwake.

Mwaka 1817 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza shindano juu ya jambo hili hili, la nuru kupinda kwenye kingo za vitu. Fresnel alipeleka andiko lake mwaka 1818. Majaji walikuwa watano: Laplace, Biot, Poisson, Gay-Lussac na Arago. Watatu wa kwanza waliamini chembe. Kwa lugha ya barazani, mshitakiwa alipelekwa mbele ya mahakama ambayo wengi wa mahakimu wake walikuwa ndugu za mlalamikaji.

Siméon Denis Poisson alikuwa mmoja wa mahodari wakubwa wa hesabu wa zama zake. Alilichukua andiko la Fresnel, na hakuandika kejeli. Aliingia ndani ya hesabu za mwenziwe, akazishika kwa kanuni zake zenyewe, akazisukuma hadi mahali ambapo mwenyewe hakuwa amefika. Akakuta kwamba, kama maneno ya Fresnel ni kweli, basi kijisahani cha duara kikiwekwa mbele ya nuru itokayo penye nukta moja, katikati kabisa ya kivuli chake patakuwa na nukta nyeupe, yenye mwanga uleule ambao ungekuwapo lau kijisahani kisingekuwapo. Husimuliwa kwamba alidhani amempiga Fresnel pigo la mwisho, kwani ni nani amepata kuona nuru katikati ya kivuli cha sarafu? Ripoti aliyoiandika Arago ni tulivu zaidi ya masimulizi. Husema tu kwamba mmoja wa majaji, Bwana Poisson, ametoa katika hesabu za mwandishi natija hii ya ajabu, na kwamba natija hiyo imejaribiwa.

Arago alichukua kijisahani cha milimita mbili, akakiweka katika mwale, akatazama. Nukta ilikuwapo.

Sababu yake mtoto aweza kuielewa akishaambiwa. Kila sehemu ya ukingo wa duara iko umbali mmoja na katikati ya kivuli. Mawimbi yanayopinda ukingoni pande zote hufika hapo kwa hatua moja, kama makasia ya mashua yenye wapigaji waliozoeana, mgongo juu ya mgongo. Kidogo kando yake hatua huvurugika na giza likarudi. Cha kushangaza zaidi ni kwamba nukta hiyo ilikwisha kuonwa na Maraldi mwaka 1723, karibu miaka mia nyuma, ikasahauliwa, kwa kuwa halikuwapo wakati ule neno lililoihitaji. Jicho liliiona, akili haikuwa na pa kuiweka.

Mwaka 1819 Fresnel alipewa tuzo. Poisson hakugeuka kuwa mtu wa mawimbi, na simlaumu. Insafu haimdai mtu abadilike, yamdai ahesabu. Na dunia imemlipa kwa namna ambayo naiona kuwa ya haki, ingawa wengine huiona kuwa ni mzaha: nukta ile, wako waiitao ya Arago au ya Fresnel, lakini wengi huiita nukta ya Poisson, kwa jina la aliyeitoa katika hesabu bila kuitaka. Brougham hana nukta yoyote katika vitabu vya nuru.

Naujua ubishi utakaoletwa. Mtu atasema kwamba Fresnel alipewa insafu kwa kuwa alikuwa na hesabu za kupewa, na Young hakuwa nazo. Hili ni kweli, nami nimelifikiri sana. Young alikuwa na picha nzuri, mifano ya maji na sauti, na jaribio lake la ukanda wa kadi. Lakini maneno yake mengi hayakufungwa kwa kipimo ambacho mpinzani angeweza kukishika na kukivuta. Fresnel alijenga neno lake kwa namna ambayo lingeweza kuvunjwa. Kwa hiyo deni halimwelemei mwenye kupinga peke yake. Mtunzi anayesema kwa fumbo lisilo na mlango, kisha akalalamika kwamba hakueleweka, naye hajalipa lake. Hata hivyo, jaribio la Young lilikuwa na mlango, tena wazi: mlango wa tundu la sindano. Brougham angeweza kuupita.

Na je, kila neno lina haki hii? Duniani mna maneno mengi, na umri ni mfupi. Mtu akiniletea kesho kitabu kinachosema bahari ni tambarare kama sinia, nitakaa nacho miezi sita nikikihesabia? Sitakaa. Wala sidhani kwamba anayechochea watu wauane kwa makabila yao anastahili mlumbi wa kumjibu kwa vina vyake. Huyo hajaleta hoja, ameleta kiberiti. Lakini kwa neno la kawaida la mtu anayetafuta, naona njia ni mbili. Ama uingie ndani yake ulifuate mpaka mwisho wake, ama unyamaze. Kunyamaza hakuna dhambi. Wengi wetu tungekuwa na heshima zaidi kwa kunyamaza. Kisichoruhusiwa ni kutoa hukumu ya aliyehesabu ilhali hukuhesabu, na kibaya zaidi ni kuitoa bila jina.

Pengine mtu ataniambia kwamba hata hao wa chembe hawakuwa wajinga, na atakuwa amesema kweli. Mwaka 1905 Einstein alirudisha chembe katika nuru kwa sura nyingine. Mwaka 1909 kijana mmoja wa Cambridge, Geoffrey Taylor, aliipunguza nuru mpaka ikawa kama mshumaa ulio mbali kupita kiasi, akaacha sahani ya picha gizani kwa muda uliofika miezi mitatu, na kivuli cha sindano kikatokea na milia yake yote, kama kwamba kila kichembe kilikuwa kikijua njia zote mbili. Ndugu wale wawili, wimbi na chembe, hawajaachana mpaka leo. Lakini sikuandika makala haya ili kujua nani alishinda.

Mwaka 1997, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na tayari najiona shaha, nililetewa kijitabu cha mashairi yasiyo na vina. Ubishi uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974 ulikuwa bado haujapoa upande wetu, nami nilikuwa askari wa mapokeo. Kijitabu kile kilipigwa chapa kwa fedha za mwandishi mwenyewe, kurasa arobaini na kitu, wino umefifia. Mwandishi alikuwa kijana wa kisiwa cha pili. Niliandika uhakiki katika gazeti moja, chini ya jina la kupanga. Uhakiki ulisifiwa sana barazani. Watu waliyakariri maneno yangu, na yalikuwa maneno ya kuchekesha kweli. Nilikuwa na kipaji hicho. Nilisema kwamba mwandishi ameukata mstari pale alipoishiwa na pumzi. Nilimtaja Muyaka mara tatu. Shairi hata moja sikulisoma kwa sauti.

Kijana yule sikupata kuona tena utungo wake popote. Yamkini alipata kazi, akaoa, akachoka. Watu huacha kuandika kwa sababu elfu, na si lazima niwe mimi. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini alikuwa mtu wa bahari moja nami, lugha moja, chuo kimoja cha Kurani kwa maana ya desturi yake. Alikuwa na chanzo kimoja nami. Mgeni asingemgusa.

Mwaka juzi nilikikuta kijitabu kile chini ya kamusi, nikakisoma kwa sauti, peke yangu, dirisha likiwa limefungwa. Katika shairi la tatu, linalosema habari ya mama anayesubiri mashua, nilianza kuhesabu kwa vidole kwa mazoea tu. Mizani hazikulingana: kumi na moja, saba, tisa, nne. Nikahesabu tena, safari hii si silabi bali mahali ambapo sauti inalazimika kutua. Tatu, mbili, tatu, moja. Ubeti wa pili: tatu, mbili, tatu, moja. Wa tatu vivyo hivyo, mpaka wa mwisho, ambapo ile moja haipo, kwa kuwa mashua haikurudi. Palikuwa na kipimo. Mstari ulikatwa pale pumzi ilipokwisha kwa sababu ndivyo alivyotaka, na nilikuwa nimekwisha kulisema hilo mwenyewe, kwa kejeli, bila kulijua.

Nimeuliza habari zake kwa watu wawili wa upande wake. Mmoja asema yuko Bara, mwingine asema yuko Muskat. Tangu wakati huo nimekuwa nikijaribu kumjibu shairi lake kwa kipimo chake, tatu, mbili, tatu, moja, bila kina hata kimoja cha kuniegemeza. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ubeti wa kwanza nimeumaliza baada ya kuuchana mara nyingi. Wa pili una mistari miwili, na wa tatu wake bado unanikataa.